Dirisha la Inchi Ishirini na Mbili

Tulishuka Kigoma, treni imetupepeta usiku kucha
kama mchele wenye chuya,
wewe na begi la nguo, mimi na dumu la asali ya Sikonge,
zawadi ya mtu tusiyemjua bado.
Miaka thelathini na moja tumelala Tabora,
nyumba ileile ya Ng'ambo,
nikiamka naona banda la kuku la jirani.
Nikakwambia: Shija, safari hii naomba kitu kimoja.
Nikifumbua macho, nione maji.

Pa kwanza palikuwa juu, kilimani kabisa.
Kijana ana tai, sabuni ndogo kama peremende.
Akavuta pazia, ziwa likaingia
lote, bila hodi,
na nyuma yake milima ya Kongo imelala ubavu
kama mtu aliyenuna akasahau sababu.
Nilikaa kitandani. Miguu ilikataa kusimama.
Wewe ukachomoa tepu mfukoni
(fundi cherehani hastaafu)
ukapima dirisha mbele ya mtoto wa watu:
"Upana inchi ishirini na mbili.
Urefu thelathini na nne.
Laki na ishirini kwa usiku, na chai mbali.
Mama Kulwa, kitambaa hiki ni ghali."

Nilishuka kile kilima sikusemeshi.
Goti lako lilisema kwa niaba yetu, kila ngazi.

Pa pili, mjini, karibu na soko.
Shuka safi, feni inazunguka, elfu ishirini,
harufu ya mawese mpaka kwenye mto.
Nikafungua dirisha: ukuta wa ghala.
"Ziwa liko wapi?"
"Hapo tu, mama, nyuma ya ghala."
Nikamwambia, mwanangu,
nyuma ya ghala hata Tabora kuna ziwa.

Jua likawa la utosi. Tulikula mgebuka kwa ugali wa muhogo,
ukanitolea miiba kimyakimya,
nikajua unaomba msamaha
ila bei bado hukubaliani nayo.

Katonga tulifika kwa kuelekezwa na muuza vocha.
Mama Gwasa ana vyumba viwili vya kupangisha
na kichanja cha dagaa kinachomeremeta kuliko sinia za harusi.
Maji yako hatua kumi na nne kutoka mlangoni; ulizihesabu.
Lakini chumba! Dirisha linatazama mwamba,
mgongo wamelipa ziwa, ukuta mtupu.
"Marehemu ndiye aliyejenga," akasema.
"Alikuwa akiunda mitumbwi pale chini.
Alisema maji nayaona kutwa nzima,
usiku niacheni na ukuta."

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia.
Nikaweka begi chini. Na dumu la asali
likapata mwenyewe.

Usiku ziwa lilibisha upande ule usio na dirisha,
pole, kama mgeni anayejua wenyeji wamelala.
Wewe ukikoroma, mimi nikatoka na kigoda.
Taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga mbali,
mji mwingine mzima, usio na kodi ya pango,
na kila taa ikisogea, mtaa wake unahama nao.
Nilikaa mpaka khanga ikalowa umande.
Sikukuamsha. Kuna vitu nilikuwa bado
sijamaliza kukununia.

Asubuhi nilifumbua macho, nikaona ukuta.
Juu ya ukuta, kwa chaki yako ya kukatia suruali,
mistari minne iliyonyooka:
ishirini na mbili kwa thelathini na nne.
Ulikuwa umesimama pembeni, tepu shingoni,
kama siku ile uliponipima gauni la kwanza
ukakosea kiuno kwa makusudi.

Mama Gwasa aliingia na birika.
Akatazama ukuta. Akatutazama sisi.
Akamimina chai vikombe vitatu,
kisha akauliza:
"Na pazia?"